Dawa za bibi wa Ujiji: nilizobaki nazo na nilizotupa

Juzi Jumatano mwanangu wa mwisho, ana miaka minne, kaanza kukohoa mida ya saa tatu usiku, kile kikohozi kikavu cha kung'ang'ania, na mi kwa kujisahau nikaandika kwenye grupu la familia la WhatsApp kwamba mtoto hajalala. Jamani. Dakika tano hazijaisha dawa kumi na nne zishaingia. Shangazi wa Kasulu anasema kitunguu saumu kwenye soksi, mjomba aliyeko Dar kaleta klipu ya jamaa kavaa koti jeupe anachanganya tangawizi na mafuta ya taa (mafuta ya taa!!), binamu flani anataka nimpake Vicks kwenye nyayo, mwingine kaleta picha ya majani ambayo hata yeye hajui yanaitwaje ila "yanasaidia sana". Mama mdogo, ambae siku zote ndo wa mwisho kuandika, kaandika maneno mawili tu: "Umemfunua kifua?"

Nikacheka peke yangu jikoni hapa Mwanga, Kigoma mjini, maana hayo sio maneno yake. Ni ya bibi.

Bibi mzaa mama alikua Mmanyema wa Ujiji, kazaliwa Ujiji kazeekea Ujiji, nyumba yake si mbali na pale wanapopelekwa wazungu kuonyeshwa walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871, ila sisi watoto ile sehemu tulikua tunaijua kwa maembe zaidi kuliko kwa Livingstone. Hakua mganga, hilo nalisema mapema maana nikimtaja watu wanadhani alikua na tunguri. Alikua bibi wa kawaida, muuza mawese sokoni, kalea watoto wake na wa wenzake, na chini ya kitanda alikua na sanduku la bati la kijani ambalo funguo yake anaivaa shingoni. Ndani mle kuna asali kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la muhindi, chumvi ya Uvinza kwenye kopo la maziwa ya unga, karafuu zimefungwa kwenye kitambaa, habasoda, magome ya mwarobaini yaliyokauka kama vipande vya ngozi, mafuta ya mise kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi cha zamani, na limau moja ambalo sijui alikua anapata wapi hata kipindi malimau hayapo. Ukiumwa anakuita, "mke mwenza, njoo hapa ufungue kinywa", na hamna kukimbia.

Lakini mtoto akikohoa usiku, kitu cha kwanza hakikua sanduku. Cha kwanza ilikua koroboi. Anaisogeza karibu, anamfunua mtoto shati mpaka kidevuni, halafu anakaa tu. Ukimuuliza kitu anakunyooshea kiganja, nyamaza. Anaangalia pale chini ya mbavu kama pananywea ndani mtoto akivuta pumzi, anaangalia pua kama zinatanuka, na midomo yake inachezacheza, mi nikawa nadhani anasoma dua kumbe anahesabu. Saa hakua nayo. Alikua anahesabu pumzi za mtoto kwa kuzipima na za kwake mwenyewe, zikiwa zinakaribiana anashusha shati anasema haya lete asali, zikiwa mtoto anampita mara mbili anasema "aah, huyu sio wa asali", anajifunga kanga ya pili na safari inaanza usiku uleule, kwa miguu mpaka apatikane mwenye baiskeli.

Miaka mingi baadae nipo kliniki na mtoto wangu wa kwanza, nesi ananifundisha jinsi ya kumwangalia mtoto mwenye kifua, ananiambia mtoto wa miezi miwili mpaka asifike mwaka akivuta pumzi 50 au zaidi kwa dakika, na wa mwaka mmoja mpaka mitano akivuta 40 au zaidi, akiwa katulia halii, hiyo ni ya kuwahishwa maana inaweza kuwa nimonia, na kifua kikibonyea ndani ndo usisubiri kabisa hata asubuhi. Nikakaa kimya nikapiga hesabu. Mtu mzima aliyetulia anavuta kama 16 mpaka 20. Mara mbili yake ni ngapi? Nikamwambia nesi kuhusu bibi na koroboi lake, akacheka sana akasema bibi yako angepewa mshahara.

Sasa asali. Hii ndo nimebaki nayo mpaka leo na sina aibu. Ya bibi ilikua inakuja na treni toka Tabora, analetewa na mtu wake, ile asali nyeusi ya misitu ya miombo ambayo ukiilamba inakukwaruza koo kabla haijawa tamu. Kijiko cha chai kimoja, matone ya limau, basi, anakwambia usinywe maji mpaka ikae. Kuna watu wanaona hizi ni habari za vijijini lakini Uingereza mwaka 2019 walitoa mwongozo kwa madaktari wao kwamba mtu akija na kikohozi cha kawaida waanze kumwambia asali kabla ya kukimbilia antibaiotiki, kwa sababu vikohozi vingi vya mafua ni virusi na antibaiotiki haiviwezi. Yaani bibi alikua mbele ya Wazungu, ila mtu wa kumwandikia mwongozo hakuwepo.

Ila kuna sehemu moja bibi alikosea na lazima niiseme vizuri kwa sababu bado inafanyika sana huku kwetu. Alikua analambisha asali vichanga. Mtoto kazaliwa wiki hii, kidole kinachovywa, analambishwa. Nililambishwa mimi, wakalambishwa wadogo zangu, tukapona, kwa hiyo ukimwambia mtu anakujibu mbona nyie mpo. Asali inaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho kwa mtu mzima kinapita tu, ila kwa mtoto chini ya mwaka mmoja utumbo haujakomaa, kinaota mle ndani kinatoa sumu inayolegeza misuli, mtoto anakua mlegevu kama kitambaa, hanyonyi, analia kwa sauti ndogo, mwisho hata kupumua kunamshinda. Na kuichemsha jikoni hakusaidii, hizo mbegu zinavumilia moto wa kawaida. Haitokei mara nyingi, ila kwa nini ucheze bahati nasibu na kichanga? Mi wangu wote wawili hawakulamba mpaka walipotimiza mwaka, na mama alininunia kwa hilo kama mwezi mzima.

Kitu nilichotupa kabisa ni mawese kwenye moto. Hii ninayo kwenye mwili, mkono wa kushoto, kovu limekaa kama ramani toka kwenye kiwiko kushuka. Nilikua na miaka saba, uji unachemka, nikataka kumwonyesha mdogo wangu kwamba naweza kuutua peke yangu. Nilivyopiga kelele bibi kaja mbio na kibuyu cha mawese, akanimwagia yale mawese mekundu ya baridi, na nakwambia ukweli kwa sekunde chache nilisikia raha, halafu moto ukarudi kama vile kuna mtu kaukokea upya chini ya ngozi. Mama mkubwa nae akaja na dawa ya meno akaongezea juu. Wakafunga na kipande cha kanga. Siku ya tatu ikaanza kunuka. Hospitali nesi ilibidi atoe lile tabaka lote kwanza, mawese yameshagandana na dawa ya meno na nyuzi za kanga, anasugua na pamba na maji ya chumvi, na mi nimeuma kanga ya bibi mpaka nikaitoboa. Yule nesi alimwambia bibi kwa heshima tu, mama, mafuta yanafungia moto ndani, ungemwekea maji. Maji tu? Maji tu, ya baridi, yanayotiririka, dakika 20, usipake kitu.

Bibi njia nzima ya kurudi hakuongea. Tulipofika pale ambapo ziwa linaonekana akasimama akasema, "Maji yote yale." Basi. Kuanzia siku hiyo mtu akiungua kwake anakokotwa kwenye mtungi, na mawese yakarudi kwenye kazi yake ya maharage. Na kwenye chakula mawese ni kitu kweli, wekundu ule ndo mwili unautumia kutengeneza vitamini A, watoto wa Kigoma tunakua nayo kwenye sahani bila kujua. Ila yapikwe, yasipakwe kwenye kidonda cha moto. Barafu nayo usiweke, inaunguza kivyake.

Mise sijaitupa. Mafuta ya mise ni yale ya kokwa la ndani la mchikichi, meusimeusi yana harufu ya moshi, wageni wanayakimbia. Bibi alikua anakandia nayo watoto baada ya kuoga na wazee wenye magoti. Kwenye goti la uzee haiponyeshi chochote kwa kweli, ila kukandwa kwenyewe na mtu anayekupenda robo saa kila jioni, aisee, mi mwenyewe goti likinianza natafuta mise.

Homa ndo habari ndefu.

Homa kwa bibi ilikua mwarobaini. Jina lenyewe linajitangaza, linatibu magonjwa arobaini, na ule uchungu ndo unaaminisha watu, maana huku kwetu dawa isiyo chungu ni juisi. Alikua anachemsha magome asubuhi, unakunywa nusu kikombe, unatapika, anakupa nusu nyingine. Sasa Kigoma hii ya kwetu malaria sio ya kubahatisha, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta watoto chini ya miaka mitano karibu 24 kati ya kila 100 wana vimelea, wakati nchi nzima kwa wastani ni 7, kwa hiyo mtoto wa hapa akipata joto usianze kujiuliza amelogwa na nani. Na mwarobaini hautibu malaria. Utakupa uchungu na pengine kichefuchefu, na wakati huo vimelea vinaendelea kula damu.

Bibi hilo alikua analijua, na alilijua kwa gharama. Kabla mimi sijazaliwa, mama alikua na mdogo wake wa kiume, anayefuatana na huyu mama mdogo wa WhatsApp. Akapata homa, akapewa mwarobaini siku ya kwanza, ya pili, usiku wa tatu degedege. Majirani wakajaa, wakachoma vitu vya kunuka mlangoni, mzee mmoja akasema mtoto mwenye degedege hachomwi sindano atakufa, wakasubiri limtoke. Halikumtoka. Bibi hii habari alinisimulia mara moja tu nikiwa nimeshaolewa, tunachambua dagaa, wala hakuinua kichwa. Ndo nikaelewa kwa nini alikua na sheria yake moja ambayo hata babu hakuweza kuipinda: dawa ya nyumbani ina usiku mmoja. Jua likichomoza na joto bado lipo, au mtoto hanyonyi, au anakuangalia kama hakuoni, sanduku linafungwa mnaenda hospitali ya Maweni. Na degedege halikupewa hata huo usiku mmoja. Unamlaza ubavu, humwekei kijiko wala kidole mdomoni, unabeba unaondoka.

Enzi zetu ukifika unapewa klorokwini, na wale tuliokunywa klorokwini hatuhitaji kuelezana, unapona malaria unabaki unajikuna usiku kucha mpaka unatamani malaria irudi. Hapo ndo bibi alikua anatuogesha maji ya majani ya mwarobaini, na kwa kujikuna kule walau ile baridi ya maji ilikua inatuliza. Klorokwini iliachwa 2001 maana vimelea vilishaizoea, sasa hivi ni dawa mseto, mbili kwa pamoja, unapimwa kidole kwanza ndo unapewa.

Na huo mseto wenyewe una kisa ambacho nakipenda. Dawa moja ya mle ndani asili yake ni mmea wa Kichina, ndugu wa hii pakanga ambayo watu wanapanda nyuma ya nyumba. Mwanamama wa Kichina, Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria, akapekua vitabu vya kale vya waganga wao, akakuta kimoja cha Ge Hong cha zaidi ya miaka 1,600 iliyopita kinasema loweka majani kwenye maji, kamua, kunywa. Loweka, sio chemsha. Yeye na wenzake walikua wanatumia moto na dawa inagoma, kumbe moto ndo ulikua unaiua, akabadilisha akaitoa kwa joto dogo, ikafanya kazi, mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Nikimsimulia mtu hivi anasema unaona, majani yanatibu! Ndio, yametibu, baada ya kupimwa kiasi na kuwekwa kwenye kidonge na kuunganishwa na dawa ya pili ili vimelea visizoee. Kikombe cha chai ya mmea ule wa Kichina leo kina dawa kiasi hiki kesho kiasi kile, hakimalizi vimelea, kinavifundisha tu kuizoea dawa, ndo maana Shirika la Afya Duniani limekataa watu kuinywa kama chai ya malaria. Mi pakanga ninayo nyuma ya choo, naipenda harufu yake, lakini siinywi.

Kuhara bibi alikua noma, sina la kumkosoa. Alikua anapika mchele maji mengi mpaka unavurugika, anachuja, anatia chumvi ya Uvinza "mpaka iwe kama machozi", unaonja, ikizidi machozi anamwaga anaanza upya. Anampa mtoto kijiko kimojakimoja, akitapika anasubiri kidogo anaanza tena, usiku mzima kama anamwagilia mche. Saivi ukikosa ile pakiti ya ORS unaambiwa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kufuta, sio vya kilima. Ni kitu kilekile, sukari au wanga unaivuta chumvi ipite kwenye utumbo na maji yanafuata nyuma. Wale wa kliniki wanaongeza na vidonge vya zinki. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipojazana pale Kagunga, kijiji cha ziwani karibu na mpaka, na kipindupindu kikalipuka, watu waliokolewa zaidi na maji ya chumvi na sukari, na madripu kwa waliozidiwa. Majani ya mpera alikua anachemsha pia ila hayo alikua anapewa mtu mzima, mtoto hapana.

Mengine nayapitia harakaharaka maana betri inaisha. Karafuu kwenye jino inafanya kazi, inatia ganzi kweli, hata madaktari wa meno wanatumia mafuta yake, ila ganzi sio tiba, jino bovu linaendelea kuoza taratibu na wewe unachekelea. Chokea kwenye jicho alikua anakanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku, hiyo ndo yenyewe mpaka leo. Damu za pua alikua anatuinamisha kichwa nyuma na kutumwagia maji utosini, hapo alikosea, unainama mbele na kubana zile nyama laini za pua dakika kumi mpaka kumi na tano bila kuachia kuchungulia, ukiinama nyuma unaimeza damu yako. Kwikwi ya kichanga unachomoa uzi kwenye kanga, unaulowesha mate, unaubandika kwenye paji la uso. Haina maelezo yoyote ya kisayansi, kwikwi inaisha yenyewe, na mi nimefanya kwa watoto wote wawili.

Kujifukiza nimeacha kwa watoto. Mwaka 2020 kipindi cha korona nyungu zilikua kila nyumba, mkaratusi ukawa bidhaa, na mvuke kweli unalegeza makamasi ukajisikia mwepesi, lakini virusi hauviui, na mtoto chini ya blanketi na sufuria la maji yanayochemka ni kutafuta kovu kama langu. Bibi alikua anampakata mwenyewe, sufuria liko mbali nje ya blanketi, anasogeza mvuke kwa ungo. Nani ana muda huo leo? Ukitaka kufukiza jifukize wewe mtu mzima.

Halafu kuna vitu bibi alivikataa kata kata na alikosana na watu kwa ajili yake. Kukata kimeo, mtoto akikohoa sana anapelekwa kwa mzee anakatwa kile kinyama cha kooni. Na yale wanayoita meno ya plastiki, mtoto anaharisha au ana homa wanamfungua mdomo wanaona fizi nyeupe, wanachimba, kumbe ndo vijino vyake vinavyokuja. Mtoto anavuja damu, anapata vidonda, anashindwa kunyonya, na kilichomuumiza mwanzo hakijaguswa. Jirani mmoja alimpeleka mwanae na bibi hakumsalimia mwaka mzima, Ujiji nzima ilijua.

Na hii klipu ya mjomba ya mafuta ya taa ndo imenitoa roho. Miaka kama minne iliyopita mtoto wa mpangaji mwenzetu alikunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda. Watu wakaja na maziwa, mmoja na mawese, mwingine anamwingiza kidole kooni atapike. Mi nikapiga kelele kama kichaa wamwache, maana mafuta ya taa madhara yake makubwa hayako tumboni, yako kwenye mapafu, na yakirudi juu kwa kutapika ndo yanapata njia ya kuingia huko. Hupewi kitu cha kunywa, hutapishwi, unakimbizwa hospitali na chupa mkononi waione. Alikaa siku nne na oksijeni, akatoka. Sasa ukiniletea klipu ya kikohozi yenye mafuta ya taa mi nakutoa kwenye grupu hata kama ni mjomba, na nimemtoa, na mama kanipigia simu nimrudishe, nimemrudisha.

Watu wananiuliza kwani wewe unaamini dawa za asili au huamini. Swali gumu mno hilo na nadhani limekosewa. Yale majani ya bibi wameyabeba wote, yako kwenye kila simu, yanatumwa na vidole vya dua na maua. Lile koroboi mbona halitumwi? Kumkalia mtoto kimya saa nzima unamwangalia mbavu, kuonja chumvi kama machozi, kujua jua likitoka unafunga sanduku, hivyo haviingii kwenye klipu ya sekunde thelathini.

Basi Jumatano ile nikamjibu mama mdogo, bado. Nikawasha tochi ya simu, nikamfunua, kajikunja kwa baridi kidogo halafu akatulia. Mbavu ziko sawa, pua haitanuki, mdomo mwekundu. Nikaweka saa dakika nzima, nikapata 28. Nikarudia, 27. Nikaandika kwenye grupu "28, hakibonyei", na nina uhakika ni mama mdogo peke yake aliyeelewa, akatuma kidole gumba. Nikampa kijiko cha asali na limau, kalamba mpaka nyuma ya kijiko, kakohoa mara mbili tatu, na kwa vile alikua anacheka huku anameza, kwikwi ikamshika.

Akanikodolea macho. "Mama, uzi."

Ana miaka minne jamani, uzi ni wa vichanga. Nikaenda kabatini nikatoa ile kanga ya bibi yenye matundu ya meno yangu, nikachomoa mmoja.